Nilivyouzima Moto wa Mama Benki

Wenzangu wa kwaya, kila mkiniuliza Thailand kukoje nawajibu "kuzuri" halafu nageuza mazungumzo. Jumapili iliyopita Mama Furaha akanishika mkono mbele ya birika la chai akasema, "Dada, mtu haendi kuzuri akarudi amenuna hivyo. Kuna jambo." Haya, lipo jambo. Naandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nitapandisha sauti, na ule ukumbi tumeazimwa tu. Habari za tiketi na viza nimeziruka, mnazijua, na hazijawahi kumfurahisha mtu.

Kwa wasiomjua, Rehema ni mwanangu wa pekee, ana miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa Tanga, utoto wake nusu kule, nusu hapa Scarborough, Toronto. Alikwenda Thailand kufundisha Kiingereza kwa mwaka mmoja, na mwaka huo mmoja sasa ni wa sita. Ameolewa na kijana wa huko anayeitwa Benki. Msicheke. Huko kila mtu ana jina la nyumbani, na la mkwe wangu ndilo hilo.

Basi Rehema akapata mimba ya kwanza, akaniambia atajifungua tarehe ishirini. Nikapigania likizo ya wiki tatu pale kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikapanga nifike wiki moja kabla. Mnajua kwetu. Mtoto wa kike akijifungua mara ya kwanza, wa kumkanda kwa maji ya moto, kumfunga mkaja tumboni na kumpikia uji ni mama yake mzazi. Mimi nimewaogesha wazee wa watu miaka yote hii, wengine wananipiga na wengine wananiita majina. Mwanangu wa kumzaa nisimkande? Hilo ndilo lililonipeleka. Fukwe na mahekalu waachieni wenye nafasi.

Scarborough hadi uwanjani, na samli yangu

Kuna mtu aliniahidi lifti. Simtaji, yumo humu humu kwenye kwaya, na saa moja asubuhi akanitumia ujumbe kwamba gari lake limegoma kwa baridi. Nikasimama kituo cha basi dakika arobaini, theluji inaniingia shingoni, mabegi mawili na la mkononi. Basi lilipofika dereva akanitazama mimi, akatazama mabegi, akapumua kwa nguvu. Nami nikapumua kwa nguvu kumzidi.

Kwenye begi la mkononi nilikuwa na vitu nisivyotaka kutengana navyo: unga wa ulezi kilo mbili, pilipili manga na mdalasini, kanga doti mbili, na kopo la samli niliyoipika mwenyewe jikoni kwangu. Pale wanapokagua mabegi, afisa akalitoa lile kopo akasema hairuhusiwi, ni kimiminika.

"Kimiminika kipi?" Nikalifungua nikaligeuza kichwa chini. Samli haikutikisika, ilikuwa imeganda kwa ile baridi ya kituoni.

"Ikiyeyuka itamiminika, mama."

"Hata wewe ukiyeyuka utamiminika! Mbona wamekuruhusu?"

Hakucheka. Akanionyesha pipa la taka. Jamani, pipa! Nikasikia sauti nyuma yangu, kwa Kiswahili safi kabisa: "Usitupe, mama, usitupe! Hiyo si samli?" Nikageuka. Bibi wa Kihindi, mwembamba, amevaa koti refu na raba nyeupe. Kumbe amezaliwa Mwanza, sasa anakaa Unionville na mwanawe, na siku hiyo alikuwa anakwenda zake London kwenye harusi. Akainusa. "Umeipika mwenyewe," akasema. Haikuwa swali. Akafungua mkoba wake, akatoa chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya kung'aa, na sisi wawili tukasimama kando ya pipa tukala chapati na samli kwa vidole, macho yetu kwa yule afisa.

"Mwanangu," bibi akamwambia kwa Kiingereza, "hiki unachokitupa ni kazi ya mikono ya mtu."

Afisa akasema sheria ni sheria. Robo tatu ya kopo ikaingia kwenye pipa. Nilipanda ndege viganja vinanukia samli na moyo unachemka, na abiria wa pembeni yangu akaomba kuhamishwa kiti. Aende zake.

Uwanja wa katikati na nusu saa isiyoisha

Mji wa kubadilishia ndege siutaji, sitaki kesi. Tulitua tukaambiwa kuna ukungu, ndege ya Bangkok itachelewa nusu saa. Nusu saa ikaisha, dada wa kwenye kipaza sauti akaomba radhi na kutangaza nusu saa nyingine. Alifanya hivyo tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama. Yaani angesema tu, "Mtalala hapa," ningenunua mswaki nikatulia. Mtu mzima ananilaghai kwa nusunusu saa, na sauti yenyewe tamu utafikiri ananibembeleza!

Karibu yangu alikaa baba mmoja wa Lagos mwenye kofia ya kufuma, akiniita "Mummy" ingawa naona tumelingana. Tulipewa karatasi ya kuchukulia chakula, na chakula chenyewe kilikuwa mkate baridi na jani moja. Akaufunua ule mkate, akaufunika, akanitazama. "Mummy, hili jani linamsindikiza nani?" Nikatoa karanga zangu tukala. Huyo mtu Mungu ambariki, ndiye pekee aliyenichekesha siku ile.

Nikampigia Rehema. Niwaambie mapema kwamba Rehema ananisikia Kiswahili vizuri ila ananijibu Kiingereza, kama watoto wenu. Mimi hapa nawaandikia kwa lugha yetu. Nikamwambia nimekwama, nahofia nitakuta uchungu umeshaanza.

"Usiwe na haraka, mama," akasema, sauti ya chini. "Hakuna kinachokukimbia."

Nyuma yake nikasikia kitu kinalia.

"Ni paka huyo?"

"Paka."

"Mjamzito na paka ndani ya nyumba! Mtoeni nje leo leo!"

Akasema simu inaisha chaji. Nikakaa nikimsonya yule paka saa nzima.

Bangkok, mbele ya meza ya forodha

Tulifika siku moja nyuma, tarehe kumi na nne asubuhi. Nikapita wanapogonga pasipoti, nikadhani nimemaliza, kumbe wa forodha wanataka kuona begi. Mwanamke mmoja aliyevaa sare akautoa unga wa ulezi, rangi ile ya udongo mnajua, akaupima kwa mkono, akawaita wenzake wawili. Wakaanza kuusemea kwa lugha yao na kunitazama. Nikaona hapa sasa nafungwa.

Kiingereza changu na chao havikukutana. Nikaamua kuigiza. Nikachora tumbo kubwa kwa mikono, nikaonyesha mtoto anatoka, nikambeba, nikamnyonyesha, nikakoroga uji, nikamnywesha mzazi, nikaonyesha maziwa yanavyotoka. Kwa miaka yangu hii hamsini na nane! Wakaangua kicheko. Mmoja akaegemea meza akifuta machozi. Nilikasirika nikahisi masikio yanawaka moto, maana sikuwa nachekesha, nilikuwa naeleza jambo la heshima. Halafu yule wa kwanza akaufunga unga wangu taratibu, akaurudisha, akaunganisha viganja na kuniinamia. Nikauchukua bila kutabasamu. Nilitabasamu nilipofika nje.

Nje nikatafuta Benki. Hayupo! Rehema alikuwa ameniandikia kwamba mumewe hawezi kuacha nyumba, nichukue basi la kwenda Khon Kaen, mji ulio karibu na kwao, atanipokea huko. Hebu niambieni ninyi. Mama mkwe anavuka nusu ya dunia kwa mara ya kwanza, mkwe anashindwa kufika kumpokea? Kwetu angekuja na ujumbe wa watu watano na kilemba cha kuazima! Nikajisemea, huyo Benki atanisikia.

Basi la baridi

Nimetoka Toronto kwenye theluji, nikafika nchi ambayo jasho linakutoka ukisimama tu. Koti nikalikunja. Nikapanda basi la Khon Kaen, na ndani ya basi hilo, nawaapia, kulikuwa na baridi kuliko Scarborough. Kiyoyozi kinavuma kutoka juu ya kichwa, hakizimiki. Abiria wote wamejifunika blanketi, wametulia, hakuna anayelalamika. Nikalikunjua koti langu la Toronto, nikavaa na kofia, nikakaa katikati ya Thailand natetemeka. Nikamwita kondakta, nikamwonyesha kile kiyoyozi. Akaniletea blanketi la pili.

Mama aliyekaa pembeni yangu alianza kula tulipotoka mjini na hakuacha mpaka tunafika. Wali wao wa huko unanata, unaukata tonge kwa vidole kama ugali, na hilo lilinipa moyo. Akanipa kuku wa kuchoma, akanipa embe bichi na chumvi ya pilipili kama yetu ya utotoni. Kila nikimaliza ananiongeza. Nikajaribu kukataa, akanikata jicho. Akaonyesha pete yangu akauliza kwa ishara, mume yuko wapi? Nikaonyesha juu mbinguni. Akanipa paja lote la kuku.

Benki alinipokea kituoni na gari la mizigo. Kijana mrefu, mpole, ameinama mpaka nikaona utosi wake. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Bangkok, ila nilipomwona yakanikwama. Macho mekundu, nyusi zina majivu, nguo zinanuka moshi kama mchoma mkaa. Nikamuuliza Rehema hajambo? Akasema, "Mama, Rehema atakuambia mwenyewe." Akapakia mabegi yangu nyuma, akawasha gari.

Nyumbani kwa Mama Benki

Nyumba ni ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo, safi mpaka unaogopa kukanyaga. Nikavua viatu, nikapanda ngazi. Moshi ulinipokea kabla ya watu. Mlangoni mwa chumba alisimama mwanamke mfupi, umri wangu, nywele fupi za mvi: mama mkwe wa Rehema, nami namwita Mama Benki kwa sababu jina lake limenishinda. Akaniinamia. Nami nikainama, lakini macho yangu yalishampita begani.

Rehema alikuwa amelala ubavu juu ya kitanda cha mianzi chenye nafasi kati ya ufito na ufito. Chini ya kitanda kuna karai la mkaa unaowaka. Jasho linamtiririka, kanga niliyomtumia mwaka juzi imemganda mwilini. Tumbo halipo. Na kando, mbali na moto, chini ya chandarua, kitoto kimefungwa kama andazi.

Mambo mawili yalinipiga kwa pamoja: mjukuu wangu ameshazaliwa bila mimi, na mwanangu anachomwa. Nikaanza na la moto. Pembeni kulikuwa na ndoo ya maji. Sikumuuliza mtu. Niliibeba na kuimwaga yote kwenye karai nikipiga kelele, "Mnamchoma mwanangu! Mnamchoma!"

Mvuke ukalipuka, majivu yakaruka mpaka kwenye dari. Mtoto akashtuka, akalia, na kile kilio nikakitambua. Ndiye paka.

Mama Benki hakunifokea, na heri angenifokea. Alikaa chini sakafuni, akaweka mkono kifuani, akawa anasema maneno kwa sauti ndogo huku akilitazama lile karai. Benki alikuja mbio, akaona, akasimama pale pale.

"Mama," Rehema akasema, ameinuka kwa kiwiko. "Umefanya nini?"

Akanieleza, kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. Huo moto uliwashwa siku aliyojifungua. Kwa uzazi wa kwanza unakaa siku kumi na tano, mzazi anaota joto, anakunywa maji ya moto, mifupa inarudi. Hauzimwi kwa maji. Siku ya mwisho mkubwa wa nyumba anaushusha kwa maneno yake. Ukizimika katikati, kwao ni kama kumwambia mzazi nguvu zake nazo zizimike. Mama Benki alikuwa amelala sakafuni kando ya huo moto siku tisa, akipokezana na mwanawe. Ndiyo maana Benki hakuja Bangkok.

"Nilijuaje?" nikasema.

"Ungeuliza."

"Na wewe ungeniambia umejifungua! Tarehe ishirini, Rehema! Leo ni kumi na nne na mtoto ana siku tisa! Daktari gani huyo anayekosea hivyo?"

"Daktari hakukosea. Nilikupa tarehe ya uongo, makusudi."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu ulisema unakwenda dukani."

Jamani. Miaka ishirini na sita. Rehema alikuwa na miaka mitano nilipoondoka Tanga kuja huku, na siku ile asubuhi nilimbusu nikamwambia, "Nakwenda dukani, nakuletea biskuti." Begi lilikuwa limeshatangulia kwa jirani ili asilione. Ndivyo nilivyoshauriwa na mama yangu, ndivyo mama yangu alivyonifanyia mimi, ili mtoto asilie. Karatasi za kumleta zilichukua miaka sita.

"Nilikaa kibarazani mpaka bibi akanibeba kuniingiza ndani," akasema. "Na kesho yake. Kila nikiuliza naambiwa duka liko mbali."

Ningewaambia nililia, ila nawaambia ukweli, nilikasirika. Nilimwambia viatu vya shule alivyovaa Tanga vilitoka wapi? Ada ilitoka wapi? Nilisimama kwa miguu hii usiku na mchana kwa ajili ya nani? Nilisema mengi, na pale mbele ya wenyeji.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Najua, mama. Kuondoka nilishakusamehe zamani, nikiwa bado mdogo. Duka ndilo sijalisamehe. Nilijua nitalala hapa siwezi kuinuka, nikataka anayenihudumia awe mtu ninayejua kesho yupo. Wewe ulikata tiketi ya kurudi kabla hujafika."

Sasa wenzangu wa kwaya, inueni mikono. Nani kati yetu hakumtoroka mtoto? Mama Furaha, wewe uliniambia mwenyewe ulipitia dirishani. Tumefanyiwa, tumefanya, tukaita huruma. Nilisimama katika kile chumba maji yananitiririka miguuni, nina hasira ya siku mbili za safari, ya samli, ya nusu saa, ya baridi ya basi, nikatafuta mtu wa kumtupia, na kila niliyemtazama hakuwa na kosa. Ikabidi nibaki nayo.

Siku sita za mkaa

Mama Benki aliwasha moto upya siku ile ile, kwa maua, mishumaa na maneno marefu, mimi nikiwa nimewekwa barazani kama mtu mwenye ndui. Asubuhi nilipoamka nilikuta gunia la mkaa mbele ya mlango wangu, na koleo juu yake. Alikuwa anafua upande wa pili wa ua, hanitazami.

Nilielewa. Pia nilichukia, sitawadanganya. Likizo yangu ya wiki tatu, kuchochea mkaa! Lakini nilichochea. Siku sita nilikaa sakafuni kando ya kitanda cha mwanangu, nikiongeza kipande, nikipunguza kipande, jasho linaingia machoni, na akisema "moto mno, mama" napunguza, akisema "kumepoa" naongeza. Siku ya pili ndipo nikakumbuka kitu cha kunitia aibu. Mimi mwenyewe nilipomzaa huyu Rehema, mama yangu alinifunika mablanketi matatu juu ya sufuria linalochemka majani, akanikanda kwa maji ambayo leo ningeyaita ya kunyonyolea kuku manyoya. Nilipiga mayowe mtaa mzima ukasikia. Nami nimekwenda kumwagia wenzangu ndoo!

Msidhani hasira ziliisha. Mama Benki kila akimtazama mjukuu wangu alikuwa anasema neno moja, na nilipomuuliza Rehema maana yake akasema, "Anasema mtoto anachukiza." Anachukiza! Mtoto mzuri kama yule, pua ya marehemu baba yake Rehema! Halafu nikaambiwa jina lake la nyumbani ni Mu, maana yake nguruwe. Mimi wa Tanga, niwaambie majirani zangu wa Kiislamu mjukuu wangu anaitwa Nguruwe? Nilinuna nusu siku. Rehema akacheka mpaka akashika tumbo, akasema ukimsifu mtoto mchanga, mizimu inamtamani na kumchukua, kwa hiyo wanamkashifu. Shangazi yangu mkubwa alizaliwa baada ya watoto watatu kufa, akaitwa Jalala, akaishi mpaka akazika wadogo zake. Kuanzia hapo nami nikawa nikimbeba namwambia, "Sura mbaya wewe, nani atakutaka?" Mama Benki akauliza nimesema nini, akatafsiriwa, akacheka kwa mara ya kwanza.

Uji nao haukupita bure. Nilipopika, alisimama mbele ya sufuria na kunizuia na kijiko. Hajui ulezi. Akanusa, akaonja, akasikia pilipili manga inapanda puani, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, maana kwao pia mzazi hali kitu cha baridi. Akaongeza tangawizi bila kuniomba ruhusa. Uji wangu! Ulikuwa mtamu zaidi, na kumwambia sikumwambia.

Siku ya kumi na tano akaushusha moto. Mimi niliambiwa nisimame mbali na ndoo zote, na Benki alihakikisha. Kesho yake nikachemsha maji, nikamwambia Rehema, "Kama hutaki, sema." Akakaa kwenye kigoda akanipa mgongo. Nilimkanda taratibu, mabega, kiuno, nyonga. Mgongo wa mwanangu nilikuwa sijaushika tangu ana miaka mitano. Alipokuja kwangu Canada, kipande cha msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa anaoga kwa kufunga mlango. Nilipomaliza nikamwambia anyanyue mikono, nikamfunga mkaja. Akanyanyua.

Kurudi

Siku nne kabla ya kuondoka nilimwambia, "Rehema, Jumatano naondoka." Akasema anajua. Jumanne nikamwambia tena. Akasema, "Mama, nimesikia," kwa ukali, akageukia ukutani.

Jumatano asubuhi mabegi yangu niliyaweka sebuleni, katikati, kila mtu ayaone. Basi langu la Bangkok lilikuwa la saa tatu, na Benki alishawasha gari. Mama Benki alinifungashia wali na kuku wa kutosha watu sita, akalia kidogo, nami pia. Kisha nikaingia chumbani.

Rehema amekaa kitandani, mtoto ananyonya. Nikakaa kwenye kile kigoda.

"Naondoka sasa. Narudi Toronto, kazini."

"Utarudi lini?"

Wenzangu, nilikuwa nalo jibu mdomoni. Nitarudi Krismasi. Mwezi wa sita nitakuwa hapa. Uongo mdogo, mtamu, ningemwacha anatabasamu na mimi ningewahi basi. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi.

"Sijui," nikasema. "Likizo yangu imekwisha, na nyingine sijui nitapewa lini. Sijui, Rehema."

Alianza kama anakohoa. Kisha akalia. Mtu mzima, mwalimu, mke wa mtu, alilia mdomo wazi kama mtoto wa miaka mitano, na mtoto naye akaacha ziwa akalia. Mama Benki akatokea mlangoni, akanitazama kama nimempiga. Nikampa mtoto amshike. Nikapanda kitandani na viatu nilivyokwisha kuvaa kwa safari, Mungu anisamehe, katika ile nyumba ya watu safi, nikamshika. Sikumwambia nyamaza. Benki akapiga honi mara moja, akangoja, akapiga tena, kisha akazima gari.

Basi la saa tatu liliondoka bila mimi. La saa tano nalo likaondoka. Hakuna aliyeniambia nimechelewa, na nawaambia katika safari nzima ile ndiyo mara pekee sikuuliza saa ngapi.

Alipomaliza, alifuta uso kwa ncha ya kanga, akapumua, akanitengeneza kola ya koti.

"Sasa nenda, mama," akasema.

Nikaenda.